Spika Ndogo, Chumba Kidogo

Wengi hudhani kwamba sauti nzuri hutoka katika kasha kubwa. Historia yatufunza vingine. Zamani, aliyetaka kusikia besi vizuri nyumbani alihitaji kasha lililokaribia kabati. Mwaka 1954, Mmarekani Edgar Villchur alitoa AR-1, spika iliyozibwa pande zote, hewa ya ndani ikifanya kazi ya springi. Kasha likapungua, lakini kila neema ina gharama yake: spika ya namna hiyo hudai nguvu zaidi kutoka kwenye amplifaya. Transista zilipoenea miaka ya 1960, nguvu hiyo ikawa rahisi kupatikana.

Katika miaka ya 1970, BBC walihitaji spika ya kutosha ndani ya magari yao ya matangazo. Wakabuni LS3/5A, yenye ujazo wa lita 5 hivi. Haikutikisa kuta, lakini sauti ya mtu ilisikika kama ya mtu.

Hilo ndilo linigusalo. Nilifundisha walimu matamshi miaka mingi. Leo, uzeeni, masikio yangu hayatofautishi vyema "saba" na "shaba". Vijana hunishauri ninunue amplifaya kubwa. Nawajibu kwamba kuongeza wati mara mbili huleta desibeli 3 tu, na katika chumba kidogo kama changu besi hujaa pembeni na kufunika maneno.

Basi, msomaji, pima chumba kwanza, kisha chagua spika. Amplifaya ifuate mahitaji yake. Kelele si usikivu.