Mkono Uliojifunza Kuinuka Tena

Somo la historia kwa redio, kwa madarasa ya elimu ya watu wazima

Natumaini mmekwisha kukaa, na kila mmoja ana kijitabu chake mbele yake. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno manne ya leo: saratani, tezi, kovu, nafuu. Haya, yasomeni pamoja, silabi kwa silabi. Vizuri.

Saratani ni ugonjwa wa chembe za mwili zinazozaana ovyo bila kushika mpaka wake. Tezi tutakazozitaja leo ni vinundu vidogo vilivyomo kwapani, vinavyochuja maji ya mwili. Kovu mnalijua. Nafuu ni ile safari ya kutoka ugonjwani kwenda uzimani, polepole.

Somo letu la leo si la wafalme wala la vita. Ni historia ya wanawake waliopasuliwa kwa sababu ya saratani ya titi, na jinsi walivyopata nafuu. Nanyi wanaume mliomo darasani, msitoke nje mkidhani haya ni mambo ya wanawake tu. Kila mmoja wenu ana mama, au dada, au mke, au binti. Tena ugonjwa huu huwapata hata wanaume, ingawa ni wachache, kama mmoja katika kila wagonjwa 100.

Shikeni jambo moja tangu mwanzo. Kisu cha daktari huondoa uvimbe, lakini mtu hapati nafuu kwa kisu peke yake. Jambo hili lilichukua muda mrefu kufahamika, na walimu wakubwa waliolifundisha ni wagonjwa wenyewe.

KUPASULIWA BILA DAWA YA USINGIZI

Tuanze mwaka 1811, katika mji wa Paris, Ufaransa. Alikuwako bibi mmoja Mwingereza, mwandishi wa vitabu, jina lake Fanny Burney. Umri wake ulikuwa miaka 59. Alikuwa ameolewa na Mfaransa, naye alikuwa na uvimbe katika titi uliomtia maumivu. Madaktari wakashauriana, wakasema hakuna njia ila kuukata. Mpasuaji alikuwa Larrey, daktari mashuhuri wa jeshi la Napoleon.

Siku hizo dawa ya usingizi haikuwa imejulikana Ulaya. Tarehe 30 Septemba madaktari na wasaidizi wao walifika nyumbani kwake, wanaume saba waliovaa nguo nyeusi. Alipewa kinywaji cha mvinyo, akafunikwa uso kwa kitambaa chembamba, na kazi ikaanza. Watumishi wengine walikimbia kwa hofu. Baadaye aliandika kwamba katika saa ile aliwakumbuka sana dada zake, maana hapakuwa na hata mmoja wao karibu wa kumlinda. Barua hiyo aliyomwandikia dada yake ilimchukua miezi mingi, na alipoimaliza hakuthubutu kuisoma tena.

Lakini alipona. Akaishi miaka mingine 28, akafa mwaka 1840. Angalieni neno hilo la dada zake. Mtu aliyekuwa na daktari bora wa zama zake bado aliona pengo: hakuwa na mwenzi.

KISU KINAKUWA KIKUBWA

Mwaka 1846, katika hospitali ya Boston, Marekani, madaktari walionyesha mbele ya watu kwamba mvuke wa etha humlaza mgonjwa usingizi asisikie kisu. Mwaka 1867 daktari Joseph Lister wa Uingereza akatangaza njia yake ya kuua vijidudu katika vidonda kwa dawa. Basi maumivu makali ya chumba cha upasuaji yakapungua, na vidonda vilivyooza vikapungua pia. Sasa daktari aliweza kukata kwa utulivu, na kukata sana.

Aliyejulikana zaidi kwa kukata sana ni William Halsted, mpasuaji wa mji wa Baltimore, Marekani. Yeye aliamini kwamba saratani hutambaa kama mizizi ya magugu, hatua kwa hatua, kutoka kwenye titi kwenda kwapani na mbele zaidi. Kwa hiyo alisema: ng'oa gugu pamoja na udongo wake. Akaondoa titi zima, misuli ya kifua iliyo chini yake, na tezi zote za kwapani. Mwaka 1894 alichapisha habari za wagonjwa 50 aliowapasua hivyo.

Tusimhukumu bila haki. Wanawake wa wakati ule walikuja hospitali wakiwa wamechelewa mno, wengine uvimbe umekwisha kupasuka na kuwa kidonda. Kwa njia ya Halsted, ugonjwa haukurudi mara nyingi mahali pale pale kama zamani. Kwa sababu hiyo madaktari wa nchi nyingi waliifuata kwa muda wa miaka 70 na zaidi.

Lakini gharama yake aliilipa mwanamke. Kifua kilibaki na shimo, mbavu zinaonekana chini ya ngozi. Bega lilikaza kama mlango wenye kutu. Na kwa kuwa tezi za kwapani zimeondolewa, maji ya mwili yalikosa njia, mkono ukavimba, pengine kwa maisha yote. Fikirini mama asiyeweza kuinua mkono kuchana nywele zake, kuanika nguo, au kumbeba mtoto. Daktari alisema, "Umepona." Yeye alijitazama, akashindwa kujua amepona nini.

BIBI LASSER NA KAMBA YAKE

Waswahili husema, adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Sasa sikilizeni habari za mtu aliyeijua adhabu hii, akarudi kuwasaidia wenzake.

Mwaka 1952, mjini New York, bibi mmoja jina lake Terese Lasser alipasuliwa kwa njia ile ya Halsted. Alipozinduka alikuwa na maswali mengi. Nitautumiaje mkono huu? Nitavaa nini ili nguo inikae vizuri? Nitazungumzaje na mume wangu? Hakupata wa kumjibu. Siku hizo hata jina la ugonjwa huu halikutajwa mbele za watu.

Bibi Lasser hakukubali kukaa kimya. Akatafuta mazoezi ya kuulegeza mkono, akayafanya kila siku mpaka ukainuka. Kisha akaanza kuwatembelea wanawake wengine waliolazwa hospitali baada ya kupasuliwa. Hakwenda na maua wala maneno ya kuwaonea huruma. Alikwenda na mfuko mdogo. Ndani yake mlikuwa na mpira wa kubana kwa mkono, kamba ya kupitisha juu ya mlango ili mkono mzima uuvute ule mgonjwa, na titi la bandia la kuvaa kwa muda ndani ya nguo mpaka kidonda kipone. Aliwafundisha pia kusimama mbele ya ukuta na kupandisha vidole polepole, kama buibui apandavyo. Leo vidole vinafika hapa, kesho vinafika juu kidogo.

Lakini somo lililowaingia zaidi lilikuwa mwili wake mwenyewe. Mgonjwa alimwona mwanamke aliyesimama wima, amevaa nguo nzuri, anainua mikono miwili juu ya kichwa, na anasema: mimi nami nilipasuliwa kama wewe.

Je, madaktari walifurahi? Wengi hawakufurahi. Walisema yeye si daktari wala muuguzi, ana ruhusa gani ya kuingia wodini? Mahali pengine alizuiwa. Akaendelea. Polepole wapasuaji wengine wakaona kwamba wagonjwa waliotembelewa walipata moyo, wakaanza kumwita wenyewe. Kazi yake ikaitwa Reach to Recovery, maana yake ni kama kusema: nyosha mkono uufikie uzima. Mwaka 1969 Chama cha Saratani cha Marekani kiliichukua kazi hiyo kuwa yake, na mwaka 1974 ilianza Ulaya. Bibi Lasser alifariki mwaka 1979.

Kazi hiyo ilikuwa na kanuni zake, nazo ni za busara. Mtembeleaji sharti awe amepitia ugonjwa huo mwenyewe, na awe amepata nafuu. Hatoi dawa. Habishani na daktari. Kazi yake ni kusikiliza, kuonyesha, na kutia moyo.

WANAWAKE WANAULIZA, MADAKTARI WANAPIMA

Basi likaja swali la pili, kubwa kuliko la kwanza: je, ni lazima kukata kiasi kile?

Desturi ya Marekani wakati ule ilikuwa hivi. Mwanamke mwenye uvimbe alilazwa usingizi, kipande kikakatwa na kupimwa papo hapo. Kama ni saratani, titi liliondolewa bila kumwamsha. Alikwenda chumba cha upasuaji bila kujua atazinduka na titi au bila titi. Mwaka 1974 mwandishi wa magazeti jina lake Rose Kushner aligundua uvimbe kwake. Akasema, nipimeni kwanza, niamke, ndipo nishauriwe. Wapasuaji wengi walimkatalia, naye akazidi kutafuta mpaka akampata aliyekubali. Mwaka uliofuata alitoa kitabu juu ya mambo hayo. Mwaka huo huo wa 1974, Betty Ford, mke wa Rais wa Marekani, alipasuliwa, wala hakuficha. Wanawake wengi walikwenda kupimwa baada ya kusikia habari zake.

Nao madaktari wengine walikuwa na shaka. Bernard Fisher wa Pittsburgh alifikiri kwamba saratani haitambai kama magugu tu, bali chembe zake zaweza kusafiri katika damu mapema. Kama ndivyo, kukata nyama nyingi zaidi hakuwezi kuzikamata. Badala ya kubishana kwa maneno, alipima. Tangu mwaka 1971 wanawake zaidi ya 1,600 waligawanywa kwa kura, wengine wakapasuliwa kwa njia ya Halsted na wengine kwa njia ndogo zaidi. Waliopasuliwa kidogo hawakufa zaidi ya waliopasuliwa sana. Huko Milan, Italia, Umberto Veronesi alipima wanawake 701, akaonyesha mwaka 1981 kwamba uvimbe mdogo waweza kuondolewa na titi likaachwa, kisha likatibiwa kwa mionzi. Mwaka 1985 Fisher naye akatoa matokeo kama hayo. Na katika miaka ya 1990 wapasuaji wakajifunza kupima tezi moja au chache za kwapani kwanza, ili zisiondolewe zote bila sababu.

Mwaona njia tuliyopita? Kwa wengi kisu kimekuwa kidogo. Dawa, yaani zile za kuua chembe na zile za kuzuia homoni, zimeongezeka. Lakini njia ndogo hufaa zaidi kwa mgonjwa aliyekuja mapema. Aliyechelewa huenda akahitaji kuondolewa titi zima hata leo.

NA KWETU JE?

Shirika la Afya Duniani lilihesabu kwamba mwaka 1 tu, yaani 2022, wanawake milioni 2.3 waligunduliwa kuwa na saratani ya titi, na 670,000 walikufa kwa ugonjwa huo. Katika nchi zetu wengi hufika hospitali wakiwa wamechelewa. Sababu ni nyingi: nauli, umbali, gharama, na kuzungushwa kwa waganga mbalimbali. Lakini iko sababu nyingine isiyogharimu fedha, nayo ni aibu na hofu ya kukatwa. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Kazi imeanza. Mjini Dar es Salaam, Hospitali ya Ocean Road, iliyojengwa zamani za Wadachi, ilifanywa kuwa Taasisi ya Saratani mwaka 1996. Mwaka 2005 madaktari wanawake wa Tanzania, katika chama chao cha MEWATA, walianza kampeni ya kuwapima wanawake matiti kwa wingi. Mjini Nairobi, tangu mwaka 2010, liko shirika la Faraja linalowasaidia wagonjwa wa saratani na jamaa zao. Jina lake latosha kueleza kazi yake.

Wewe unayesoma kurasa hizi unaweza kufanya nini? Ukiona donge jipya katika titi au kwapani, ngozi iliyobonyea, chuchu iliyoingia ndani au inayotoa damu, usingoje maumivu, maana mara nyingi hayapo mwanzoni. Nenda ukapimwe. Madonge mengi si saratani, lakini huwezi kujua kwa kutazama. Ukipasuliwa, mwulize muuguzi mazoezi ya mkono wako na siku ya kuyaanza. Mkono ukivimba, rudi hospitali.

Na kama mgonjwa ni jirani yako, usimkimbie. Mchotee maji kwa wiki chache, kwa sababu ndoo ya maji haifai kwa mkono wake bado. Mpeleke kliniki, umwandikie maswali yake katika karatasi, sasa kwa kuwa kuandika unajua. Mume, mtazame mkeo usoni, umwambie kwamba yeye ni yule yule. Na wewe uliyekwisha kupona, ziara yako ya nusu saa yaweza kumpa mgonjwa kitu ambacho daktari hana.

MASWALI YA DARASANI

1. Kwa nini Fanny Burney aliwakumbuka dada zake?
2. Halsted aliifananisha saratani na nini? Fisher alifikiri nini?
3. Taja vitu vitatu vilivyokuwamo katika mfuko wa Bibi Lasser, na kazi ya kila kimoja.
4. Zungumzeni: katika kijiji au mtaa wenu, mgonjwa aliyetoka kupasuliwa husaidiwa na nani? Ni msaada gani unaokosekana?
5. Andika sentensi tatu kwa rafiki aliye hospitali. Usimwonee huruma, mtie moyo.

Kwaherini, ndugu wanafunzi, mpaka somo lijalo.