Fahamu: Kipengele Kipya Huwa Tayari Lini Kuunganishwa Katika Programu Huria?

Taarifa za chanjo, kliniki za wajawazito na wagonjwa wa nje zinazoandikwa katika rejesta za MTUHA kwenye vituo vya kutolea huduma za afya, ikiwemo Hospitali ya Kilutheri Ilembula wilayani Wanging'ombe, Mkoa wa Njombe, hujumlishwa kila mwezi na kuingizwa katika mfumo wa kielektroniki wa DHIS2. Mfumo huo ni programu huria, yaani programu ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuutumia na kuurekebisha kwa mujibu wa leseni yake.

Chimbuko la DHIS2 ni kazi iliyoanza Afrika Kusini katika miaka ya 1990. Kwa sasa maendeleo yake yanaratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, kwa kushirikiana na wataalamu wa nchi mbalimbali, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kwa kuwa watengenezaji ni wengi na watumiaji ni wengi zaidi, swali la lini kipengele kipya kikubaliwe lina uzito wa pekee.

Maana ya kuunganisha

Mtaalamu hagusi msimbo mkuu moja kwa moja. Hufungua tawi, hufanya kazi yake kando, kisha huwasilisha ombi ili tawi hilo liunganishwe na shina. Miradi mingi hutumia kwa kazi hiyo programu ya Git, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005. Tawi likishaunganishwa, kila atakayechukua toleo lijalo atalipokea, pamoja na kasoro zake.

Vigezo vya utayari

Kipengele hakihesabiwi kuwa tayari kwa sababu tu mwandishi wake amekikamilisha. Kwa kawaida huzingatiwa mambo yafuatayo:

1. Msimbo umesomwa na mtaalamu mwingine asiyeuandika.
2. Majaribio ya kompyuta yamepita, yale ya kipengele kipya na yale ya zamani.
3. Takwimu zilizokwishahifadhiwa zinabaki na maana ileile.
4. Kipengele kinafanya kazi katika mazingira ya mtumiaji, ikiwemo mtandao dhaifu.
5. Maelezo ya matumizi yameandikwa.
6. Yupo atakayekitunza baada ya mwandishi kuondoka.

Kigezo cha tatu ndicho chepesi kusahaulika. Tuchukue mfano wa kufikirika: kipengele kinachokokotoa umri wa mtoto kwa kuukadiria hadi mwaka kamili ulio karibu. Dozi ya kwanza ya chanjo ya surua-rubela hutolewa mtoto anapotimiza miezi 9. Mtoto aliyechelewa na kuchanjwa akiwa na miezi 11 angehamishwa kutoka safu ya walio chini ya mwaka mmoja. Programu isingekwama wala kutoa onyo lolote, ila uchanjaji katika wilaya nzima ungeonekana kushuka, na mipango ya robo mwaka ijayo ingejengwa juu ya idadi isiyo sahihi. Kasoro ya namna hiyo hugunduliwa mapema na mtunza takwimu anayeijua rejesta, endapo amepewa nafasi ya kujaribu kabla ya kuunganisha.

Muda na mamlaka ya kuamua

Uamuzi wa mwisho huwa mikononi mwa watunzaji wa mradi. Katika mradi wa Linux, vipengele vipya hupokelewa kwa takribani wiki mbili tu mwanzoni mwa kila mzunguko. Wiki zinazofuata, ambazo kwa kawaida ni kati ya sita na nane, hutumika kurekebisha hitilafu. Kilichochelewa husubiri mzunguko unaofuata. Utaratibu huu humwondolea mtunzaji shinikizo la kupokea kazi mbichi, kwa kuwa nafasi nyingine haiko mbali.

Hata hivyo, kuchelewesha nako kuna gharama. Tawi lililokaa kando muda mrefu huachana na shina, na kuliunganisha baadaye huwa kugumu. Ndiyo maana mabadiliko madogo yanayowasilishwa mapema hupendelewa kuliko makubwa yanayokuja kwa pamoja.

Aidha, si kila hitaji la nchi moja linapaswa kuingia katika shina. DHIS2 inaruhusu programu-nyongeza zinazotengenezwa na kusasishwa peke yake, na wataalamu wa Tanzania ni miongoni mwa waliotengeneza nyongeza za namna hiyo. Swali la kujiuliza ni kama kipengele kinawafaa watumiaji wote au wachache.

Wajibu wa taasisi

Kuunganishwa katika msimbo mkuu si ruhusa ya kuanza kutumika. Taasisi inashauriwa kuhifadhi nakala ya takwimu zake, kulijaribu toleo jipya katika seva ya majaribio, na kulinganisha ripoti ya mwezi mmoja kwa matoleo yote mawili kabla ya kuhama. Kwa taasisi za umma nchini, mifumo ya TEHAMA inasimamiwa pia na Sheria ya Serikali Mtandao Na. 10 ya mwaka 2019, na taarifa za mtu mmoja mmoja zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Mtumishi anayebaini kuwa jumla ya mfumo hailingani na rejesta anapaswa kutoa taarifa mara moja kwa mratibu wa MTUHA wa wilaya, akitaja toleo linalotumika, ripoti husika, idadi iliyoonekana na idadi iliyotarajiwa. Taarifa iliyoandikwa hivyo humwezesha mtengenezaji kuirudia hitilafu na kuiondoa kabla ya toleo linalofuata.