Njia ya Akiba na Habari Iendayo kwa Wengi

Yadhaniwa mara nyingi kwamba mtandao wa kompyuta wenye njia mbili haukatiki. Historia yake yaonyesha vingine. Mwaka 1985 Radia Perlman, wa kampuni ya Digital Equipment huko Marekani, alitangaza kanuni ya kuzifunga njia za ziada, ujumbe usije ukazunguka pasipo kikomo, na kuzifungua njia kuu ikatikapo. Mwaka 1989 Stephen Deering wa Chuo Kikuu cha Stanford aliandika utaratibu wa kupeleka habari moja kwa kundi zima la wapokeaji.

Kanuni hizo mbili zilipokutana, upungufu ulidhihirika. Swichi zinazowapelekea habari walioiomba tu, zikishika njia mpya, huenda zisiwajue wapokeaji. Na kwa kanuni ya mwaka 1997, swali la kuwatambua huulizwa kwa kawaida kila sekunde 125. Njia i wazi, wala habari haifiki.

Mwongozo wa mwaka 2006 uliruhusu swali hilo liulizwe mara njia ibadilikapo. Ule wa 2015 ulieleza kupokea nakala mbili kwa njia mbili, moja ikatupwa. Basi njia ya akiba yapasa iwajue watu wake kabla ya kuhitajiwa.