Daftari la muuzaji lilivyohamia mawinguni

Leo naachana na mambo ya foleni ya kantini, nataka tupige historia kidogo. Washkaji wetu wa biashara wanatamba sana hapa hosteli kwamba hizi programu za wingu wanazofundishwa, za kutunza wateja na kufuatilia mauzo, ni vitu vya juzi, vimekuja na simu za kisasa, na kwamba sisi wa Ualimu tubaki na Majimaji yetu. Haya, ngoja niwape historia yake. Ina zaidi ya miaka ishirini na ina ugomvi wa kutosha.

Kwanza tuelewane. Mtaji mkubwa wa mtu wa mauzo siyo maneno matamu, ni kumbukumbu. Nani alinunua lini, nani alisema urudi mwezi ujao, nani hataki kupigiwa simu asubuhi. Mangi wa dukani anayo yake kwenye daftari la mikopo. Kule Marekani, kuanzia miaka ya 1950, walikuwa na Rolodex, kile kigurudumu cha kadi za majina kinachokaa mezani, kazi ya Arnold Neustadter. Mwaka 1987 Pat Sullivan na Mike Muhney wakatoa programu ya ACT!, kazi ile ile lakini kwenye kompyuta. Ila iwe kadi au kompyuta, kumbukumbu ilikuwa mikononi mwa muuzaji. Akihama kampuni anaondoka nayo, na wateja nao wanamfuata.

Mabosi hawakulipenda hilo hata kidogo. Mwaka 1993 Tom Siebel na Patricia House walianzisha Siebel Systems huko California, programu yao ikawaweka wateja wote wa kampuni mahali pamoja. Nzuri, lakini ilikuwa ya wenye nazo: ununue leseni, ununue seva, ulete wataalamu wa kuifunga, miezi inakatika. Na wauzaji waliijaza shingo upande. Kwao ilikuwa kama daftari la mahudhurio, wao wanajaza, anayefaidi bosi.

Hapo ndipo anaingia Marc Benioff. Alikuwa amefanya kazi Oracle miaka 13. Mwaka 1999, yeye na Parker Harris, Frank Dominguez na Dave Moellenhoff wakaanzisha Salesforce kwenye nyumba ndogo ya chumba kimoja San Francisco. Wazo lenyewe ukilisikia utacheka: programu usinunue, panga.

Fikiria nyumba ya kupanga ya huku kwetu. Paa moja, bomba moja, wapangaji wengi, kila mtu na ufunguo wa chumba chake. Mwenye nyumba akibadilisha bati, wote mmebadilishiwa siku hiyo hiyo. Ndivyo ilivyo. Programu inakaa kwenye seva za Salesforce, muuzaji anaingia kwa intaneti na neno lake la siri, awe ofisini au kwenye kompyuta ya hotelini. Kodi ilikuwa kama dola 50 kwa mwezi kwa kila mtumiaji. Maana yake meneja wa tawi dogo mwenye watu watano aliweza kuanza wiki hiyo hiyo, bila kumbembeleza mkuu wa kompyuta wala kusubiri bajeti ya mwaka. Kwa maoni yangu hii ndiyo faida kubwa kuliko zote, na ndiyo mlango wa nyuma ambao vitu hivi viliingilia maofisini.

Jamaa alikuwa na vituko pia. Februari 2000 Siebel walikuwa na mkutano wa wateja wao San Francisco. Benioff akakodi waigizaji, akawapa mabango ya kupinga programu za kununua, wakaandamana nje ya ukumbi na waandishi wa TV wa bandia juu. Polisi wakaitwa! Halafu mwaka huo huo kampuni za intaneti zikaanza kuanguka, wapangaji wakapungua, na Salesforce yenyewe ikakaribia kuishiwa hela. Ilijiokoa kwa kuacha mtindo wa mwezi kwa mwezi na kuwapunguzia bei waliolipa mwaka mzima kwa mkupuo. Wenye nyumba wetu hapa mjini wangemwelewa vizuri sana. Juni 2004 ikaingia soko la hisa la New York, na Septemba 2005 Oracle ikatangaza kuinunua Siebel kwa dola bilioni 5.85.

Lakini bomba moja likikatika, nyumba nzima haina maji. Desemba 20, 2005 mfumo wa Salesforce ulizima kwa saa nyingi, wakati watu wanahangaika kufunga mauzo ya mwaka. Wateja walikasirika. Mwaka 2006 kampuni ikafungua ukurasa wa wazi unaoonyesha kila siku mfumo unaendaje, mzima au mgonjwa.

Upande wa masoko nao haukulala. Zamani idara ya masoko inatoa tangazo, inapeleka majina kwa wauzaji, wauzaji wanasema majina yenyewe hovyo, ugomvi kila wiki. HubSpot, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Brian Halligan na Dharmesh Shah, iliwawezesha kuona mtu yule yule: kasoma ukurasa gani, kafungua barua pepe ipi, kabla hajapigiwa simu. Mailchimp ya Atlanta ilipoanza kutoa huduma ya bure mwaka 2009, watumiaji walitoka 85,000 hadi 450,000 ndani ya mwaka mmoja. Wengi biashara ndogo ndogo, watu ambao Siebel asingewafungulia hata geti.

Sasa washkaji wa biashara, swali langu kwenu. Muuzaji amepata urahisi, hilo sibishi. Hasahau miadi, na mwenzake akiugua mteja hapotei. Ila ile Rolodex aliyoondoka nayo kwapani haipo tena. Siku akiacha kazi, neno la siri linafungwa kabla hajafika getini, na miaka kumi ya kuwajua watu inabaki kwa mwajiri. Je, mnapofundishwa kujaza zile fomu, kuna mhadhiri aliyewaambia mshahara upande kiasi gani kwa sababu hiyo?

Nangoja majibu, nakimbilia kipindi cha saa nane.