Kukua kwa fizi kutokana na dawa

Kukua kwa fizi kutokana na dawa ni hali ambayo nyama ya ufizi hunenepa na kupanda juu ya meno kwa mtu anayetumia dawa fulani kwa muda mrefu. Dawa zinazotajwa zaidi ni fenitoini ya kifafa, siklosporini ya waliopandikizwa viungo, na dawa za presha kama nifedipini na, kwa nadra zaidi, amlodipini. Fenitoini ilianza kutumika mwaka 1938. Mwaka uliofuata Kimball, daktari Mmarekani, alishaeleza fizi zilizokua kwa zaidi ya nusu ya wagonjwa aliowachunguza. Nifedipini ilihusishwa na tatizo hili mwaka 1984.

Kwa daktari wa meno wa Bunia, mashariki mwa Kongo, suala hili linaanzia kwenye kifafa. Eneo la afya la Logo, upande wa Mahagi, lina kifafa kingi kupita kawaida, na watafiti wanakihusisha na upofu wa mtoni unaoenezwa na usubi wa mito iendayo kasi. Dawa inayotumika sana huko ni fenobabito, ambayo hukuza fizi mara chache tu. Kwa hiyo akija mwenye kifafa na fizi zilizopanda, la kwanza ni kuomba kuona pakiti ya vidonge. Kujua tu kwamba ana kifafa hakutoshi.

Mabadiliko huanza miezi michache baada ya kuanza dawa, hasa katikati ya meno ya mbele: vinundu vidogo vigumu, vya waridi, visivyouma. Pasipo na jino kwa kawaida hakioti kitu. Seli za ufizi hushindwa kuyeyusha nyuzi zake kwa kasi ya kawaida, nyama ikajilimbikiza. Lakini dawa haifanyi kazi hii peke yake. Ukoga ukikaa, ufizi huwa mwekundu, huvuja damu wakati wa kupiga mswaki, na huzidi kukua. Ukishakua, mswaki haufiki, na ukoga huongezeka.

Kwa mwenye ugonjwa wa fizi tangu awali, uchunguzi una mtego. Kipimo chembamba kinachoingizwa kando ya jino kinaweza kuzama milimita tano au zaidi, kwa kuwa ufizi umepanda tu, au kwa kuwa mfupa umeliwa, au yote mawili. Picha ya eksirei ndiyo inayotofautisha, na bila hiyo ni rahisi kung'oa jino lililostahili kubaki.

Matibabu ni kusafisha kwanza: kuondoa ukoga na ugaga, kisha mgonjwa kupiga mswaki kwa makini kila siku. Hili pekee hupunguza uvimbe kwa wengi. Kubadili dawa ni uamuzi wa daktari aliyeiandika. Mwenye kifafa akiacha vidonge ghafla anaweza kupata degedege mfululizo, jambo linaloweza kuua. Nyama ngumu isiyopungua hukatwa, na dawa ikiendelea huweza kuota tena.