Nyumba ya Watawa wa Kijivu

Msomaji, ukipata kufika Leicester, mji ulio katikati ya Uingereza, utaziona njia mbili ziitwazo Greyfriars na Friar Lane. Jina la kwanza maana yake ni watawa wa kijivu, na la pili ni njia ya watawa. Lakini watawa wenyewe hutawaona, wala nyumba yao hutaiona.

Watu hao walikuwa wafuasi wa Mtakatifu Fransisko wa Assisi. Wenzao wa kwanza, watu tisa tu, walishuka pwani ya Dover mwaka 1224, na baada ya miaka si mingi Leicester nayo ikapata nyumba yao. Walivaa majoho ya kijivu, wakaapa kutomiliki mali, wakaishi kwa sadaka za watu waliowahubiria. Usidhani kwamba umaskini uliwafanya waoga. Mwaka 1402 baadhi ya watawa wa nyumba hii walinyongwa huko London, kwa kuwa walishikilia kwamba Richard wa Pili, aliyeondolewa katika enzi, ndiye mfalme wa haki.

Tarehe 22 Agosti 1485 Richard wa Tatu aliuawa katika vita vya Bosworth, si mbali na mji huo. Maiti yake ililetwa Leicester juu ya farasi, bila nguo, ikawekwa hadharani ili watu wote wasadiki kwamba amekufa. Kisha ikazikwa katika kanisa la watawa, upande wa kwaya, mahali pa heshima. Hata hivyo kaburi lilikuwa fupi kuliko mwili, na sanduku halikuwapo. Mimi nadhani ilikuwa haraka, wala si dharau.

Mwaka 1538, Henry wa Nane alipokuwa akizifunga nyumba za watawa katika nchi yake, waliobakia hapo walikuwa saba tu. Wakatoka, na majengo yakabomolewa. Baadaye Robert Herrick, aliyepata kuwa meya wa mji, alijenga nyumba yake penye kiwanja hicho, akasimamisha bustanini nguzo ya mawe kuonyesha alipolala mfalme; nguzo hiyo ilionekana mwaka 1612. Nayo ikatoweka. Watu wakasimuliana kwamba mifupa ilitupwa katika mto Soar, na wengi waliamini.

Basi, Agosti 2012, wataalamu wa mambo ya kale walianza kuchimba katika kiwanja cha kuegeshea magari cha halmashauri ya mji. Siku ya kwanza kabisa waliona mifupa ya miguu ya mtu, lakini hawakuweza kujua ni ya nani, maana hawakujua wamesimama sehemu gani ya nyumba. Iliwabidi kuwatafuta watawa kwanza. Waliona mabaki ya mabenchi ya mawe ya chumba cha baraza, kisha njia iliyozunguka ua, kisha kanisa lenyewe, ingawa mahali pengi kuta zilikwisha kung'olewa, yakabaki mashimo ya misingi tu. Ndipo walipotambua kwamba ile mifupa ililala penye kwaya. Uti wa mgongo ulikuwa umepinda, na fuvu lilikuwa na majeraha ya silaha. Februari 2013 ikatangazwa kwamba ndiye mfalme, baada ya chembe zake za urithi kulinganishwa na za wazao wa dada yake. Alizikwa tena katika kanisa kuu la Leicester tarehe 26 Machi 2015.

Magazeti yalijaa habari za mfalme. Lakini mwaka 2013 wachimbaji walirudi wakafungua jeneza la mawe lililokuwa katika kanisa hilohilo. Ndani yake mlikuwa na jeneza jingine la risasi, na ndani ya hilo mifupa ya mwanamke mzee. Jina lake halijulikani. Alizikwa kwa gharama kubwa kuliko mfalme, katika nyumba ya watu walioapa kutokuwa na kitu.