Rafadha Nyasa, Pangaboi Mbeya

Septemba 2016, Air Tanzania ilipopokea ndege mbili za Dash 8 Q400, vijiwe vya kahawa viligawanyika. Wapo walioshangilia, na wapo waliobeza: kumbe ni za pangaboi! Kwa wabezaji hao, pangaboi ni mambo ya kale, feni ya darini iliyobandikwa kwenye bawa. Mtu wa Mbeya au Iringa hakuwa na sababu ya kucheka. Kwao, kwa zaidi ya miaka mia moja, dunia ya mbali imefika mara nyingi kwa nguvu ya mapanga yanayozunguka, kwanza chini ya maji ya Ziwa Nyasa, kisha angani.

Mabaharia wana jina lao la zamani la kitu hicho: rafadha. Kazi yake na ya pangaboi ni moja. Panga lililopinda kidogo huzunguka, husukuma maji au hewa kwenda nyuma, na chombo kikaenda mbele. Ilichukua muda watu kuamini kwamba kijichuma kilichofichwa chini ya tezi kinaweza kulishinda gurudumu kubwa la ubavuni. Mwaka 1845 Waingereza walizifunga kamba meli mbili, Rattler yenye rafadha na Alecto yenye magurudumu, tezi kwa tezi, kila moja ivute upande wake. Rattler iliiburuta mwenzake kinyumenyume.

Huku kwetu swali hilo lilijibiwa na maji yenyewe. Mto wenye kina kifupi hupenda gurudumu, kwa kuwa rafadha hugonga mchanga. Ziwa lenye mawimbi hupenda rafadha, kwa kuwa chombo kikilala upande, gurudumu moja hubaki likipiga hewa. David Livingstone aliuingia Mto Zambezi mwaka 1858 na Ma Robert, boti ya magurudumu, lakini chombo alichokikusudia kwa ajili ya Nyasa, Lady Nyassa, kilikuwa cha rafadha. Hakikufika. Maporomoko ya Mto Shire yalikizuia, na mwaka 1864 Livingstone alikiendesha kutoka Zanzibar hadi Bombay ili akiuze.

Aliyefanikiwa ni nahodha E. D. Young, na kusema kweli, waliofanikiwa ni wapagazi. Mwaka 1875 boti ya mvuke iitwayo Ilala ilifunguliwa vipande vipande, mamia ya watu wakavibeba kupita maporomoko, ikaunganishwa upya na kuingia ziwani Oktoba 12. Mwaka huohuo Young alilizunguka ziwa hadi ncha yake ya kaskazini, chini ya milima ambayo leo wakazi wa Kyela huiona kila asubuhi. Ndiye aliyeipa safu hiyo jina la Livingstone. Vitabu vimemkumbuka nahodha. Majina ya waliobeba bamba na boila mabegani hayakuandikwa.

Wajerumani walifuata njia hiyohiyo ya vipande miaka ya 1890, wakaleta meli ya Hermann von Wissmann na kuwa na kituo chao cha Langenburg kwenye pwani ya kaskazini ya ziwa. Meli hiyo ilipata sifa ambayo haikuitafuta. Agosti 1914, vita vilipotangazwa Ulaya, Waingereza waliotangulia kupata habari walivuka ziwa na meli yao, Gwendolen, hadi Liuli, wakati huo ikiitwa Sphinxhaven. Waliikuta Wissmann imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo, wakaishambulia. Meli iliyo nchi kavu haina pa kukimbilia. Rafadha bila maji ni chuma tu.

Vita hivyohivyo ndivyo vilivyoleta pangaboi la ndege. Maji ya Ruaha Mkuu, yanayotoka bonde la Usangu na kupita Iringa, huishia katika Rufiji, na ni katika matawi ya mto huo Wajerumani walikoficha manowari ya Königsberg. Novemba 1914 rubani H. D. Cutler aliruka na ndege ya majini ya Curtiss kuitafuta. Joto na unyevu wa pwani viliwatesa marubani. Ndege nyingine zilishindwa kabisa kupanda juu. Hatimaye, Julai 11, 1915, mizinga ya Waingereza ikielekezwa na ndege iliyokuwa angani, Königsberg iliangamizwa.

Kama pwani ilikuwa ngumu, nyanda za juu zilikuwa mtihani mwingine. Uwanja wa zamani wa Mbeya uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho hewa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu asilimia 15. Hasara hiyo ni mara tatu: injini inavuta hewa kidogo, bawa linabebwa na hewa kidogo, na pangaboi linapata hewa kidogo ya kusukuma. Tabora, iliyo chini zaidi, ilikuwa imeshatoa onyo. Februari 27, 1920, ndege ya Vickers Vimy iliyokuwa ikitoka Uingereza kwenda Cape Town ilianguka hapo wakati wa kuruka, na safari yake ikaishia hapo.

Hata hivyo, Januari 1932 Imperial Airways ilipofungua njia ya barua kutoka London hadi Cape Town, Mbeya iliwekwa kwenye orodha: Nairobi, Moshi, Dodoma, Mbeya, Mpika, Broken Hill, na kuendelea kusini. Mji huo, uliochipuka miaka ya 1920 kwa harufu ya dhahabu ya Lupa, haukuwa na reli. TAZARA ingekuja zaidi ya miaka 40 baadaye. Barua ya London ikawa inashuka Mbeya kutoka angani, katika mji ambao barabara zake zilikuwa za vumbi na tope kwa zamu.

Tatizo la kimo lilihitaji ndege yake. Kampuni ya Armstrong Whitworth iliunda Atalanta mahsusi kwa kipande cha Kisumu hadi Cape Town: injini nne, abiria tisa, wafanyakazi watatu, na mwendo wa kilomita 185 kwa saa kwenye futi 9,000. Ziliundwa nane tu. Si kila siku ndege hubuniwa Uingereza kwa sababu ya hewa ya Dodoma na Mbeya.

Fahari hiyo ilidumu miaka mitano. Mwaka 1937 Imperial ilihamishia njia yake kuu pwani kwa ndege kubwa za majini za Short, zilizotua Mombasa, Dar es Salaam na Lindi hadi Durban. Ndege hizo hazikuhitaji uwanja, na mapangaboi yake ya chuma yaliweza kubadili pembe ya mapanga. Anayetaka kuelewa maana ya hilo amwangalie dereva wa lori anayepanda mlima Kitonga. Pangaboi la kale lisilobadili pembe ni lori lenye gia moja: likichongwa kwa ajili ya mwendo wa juu, huhangaika wakati wa kuruka. Pembe ikibadilika, rubani ana gia ya kupandia na gia ya kukimbilia. Kwa hiyo ufundi ambao Mbeya iliuhitaji kuliko Lindi, ukaenda Lindi.

Nyasa nayo ilipata zamu fupi. Mwaka 1949 na 1950, ndege za majini za Solent za shirika la Uingereza la BOAC zilitua Cape Maclear, upande wa kusini wa ziwa lilelile la Ilala, kabla ya huduma hiyo kufungwa.

Baada ya hapo injini zilibadilika, pangaboi likabaki. Fokker Friendship za Air Tanzania, shirika lililoanzishwa 1977 baada ya kuvunjika kwa East African Airways, zilizungusha pangaboi kwa injini ya turbini ya gesi badala ya pistoni. Q400 zilizobezwa mwaka 2016 zina mapanga sita kwa kila injini, na pembe yake hujirekebisha yenyewe muda wote wa safari. Kuziita za kizamani ni kutojua. Kwa safari fupi, pangaboi hula mafuta machache kuliko jeti na huridhika na uwanja mfupi.

Jeti nazo zimefika, ila si kwenye uwanja ule wa zamani. Uwanja wa Songwe, uliofunguliwa Desemba 2012, uko chini kwa zaidi ya mita 300 kuliko uwanja wa mjini, na njia yake ya kurukia ina zaidi ya kilomita tatu. Iringa, kwa upande wake, imeendelea kwa miaka mingi kutegemea pangaboi kwenye uwanja wake wa Nduli, na watalii wa Hifadhi ya Ruaha bado hushushwa kwenye kiwanja cha Msembe na Cessna Caravan yenye pangaboi moja puani.

Na ziwani Nyasa, kule Itungi, wilayani Kyela, Songoro Marine ya Mwanza iliunda meli ya MV Mbeya II, iliyoanza kazi 2021 ikiwa na nafasi ya abiria 200 na tani 200 za mizigo. Safari hii hakuna mpagazi aliyebeba boila.